Makazi ya Kudumu

Karani wa ardhi pale Nyamagana
amenisogezea fomu na kalamu iliyofungwa uzi.
Jina: Nyanzala Lugembe. Hilo nalijua.
Kazi: mwandishi wa safari.
Akainua macho. "Nayo ni kazi?"
Ni kazi. Unalala vitanda vya watu,
unaandika mchuzi wao ulizidi chumvi kiasi gani,
unaondoka kabla hawajakuzoea.

Makazi ya kudumu.
Hapo kalamu ikasimama.

Miaka kumi na tisa nina nyumba ya mbao
kisiwani, bahari ya Karibi,
mshelisheli mlangoni,
na jirani, Anselm, anayenidai nyundo.
Siku nilipompigia mama, "Nimehamia Karibi,"
aliuliza, "Karibu na wapi?"
Si karibu, mama. Karibi.
"Haya. Kama ni karibu, Jumapili uje, kuna sato."

Kila Jumapili, maneno yaleyale.
Mwisho sikujua nani anamtania nani.

Nimeandika maziwa kumi na moja.
Hili lenye korongo wanaogombea utumbo wa sangara
na mawe yaliyobebana kama watoto wa mtu mmoja,
sijaliandika. Hakuna mhariri
aliyewahi kulipia nauli ya kwenda nyumbani.

Jana nilifungua sanduku lake, Kirumba.
Makala zangu zote zimo,
kwa lugha asiyoisoma, zinanuka dagaa,
na pembeni, kwa penseli, hesabu za Mwaloni.
Ubavuni mwa Havana: Holo, debe mbili, hajalipa.
Juu ya theluji ya Tbilisi: chumvi, kamba, mchango wa msiba.
Nilizunguka dunia
kumpatia mama karatasi ya madeni.

Na chini kabisa, ukurasa baada ya ukurasa:
Nyanzala. Sato mmoja. Hajaja kuchukua.
Nyanzala. Sato mmoja.
Nilihesabu mpaka mia tatu na kitu,
nikafunga sanduku.

"Dada, foleni," karani anasema.
Nikaandika nilichozoea kuandika mipakani.
Akageuza fomu, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.
"Karibu? Karibu na wapi?"

Na Mwaloni, nikasema,
kabla sijajua nasema nini.
Muhuri ukagonga.

Mchana nikaenda kumtafuta Holo.
Debe mbili, nikamwambia, na penseli hii hapa.
Amekubali moja.