Nzi wa Shilingi Hamsini

Mwanawe alituma picha kutoka huko:
amesimama ndani ya pango la barafu,
koti jekundu, meno nje,
kuta za buluu zimemzunguka kama tumbo la chupa.
"Ziara ya siku moja," aliandika. "Kiingilio ghali, mama, ila nimeona."

Shangazi Mwanashee aliitazama simu
akailaza kifudifudi mkekani.
Akaiinua tena.
"Hapo ndipo alalapo?"
Hapana, shangazi, ni matembezi tu.
"Mtu hutembelea baridi?"

Siku ya kliniki ya macho Malindi
tulipanda basi la kwanza kutoka Mokowe.
Alipokwisha kutiwa matone,
mboni pana kama za paka wa usiku,
hakutaka kwenda stendi.
Alikaza buibui, akasema:
"Yeo na mimi ni mtalii. Nipeleke penye barafu."

Kipo kiwanda nyuma ya soko la samaki,
mlango wa chuma, mpini umeviringwa kitambaa,
na bawabu wake Mwaringa,
soksi mbili kila mguu, ndara juu ya soksi.
Alicheka, halafu akaona shangazi hacheki.
"Hamsini," akasema, kwa mzaha.
Shangazi akafungua pindo la leso, akahesabu.
"Na tiketi?"
Mwaringa akararua kipande cha boksi la kamba,
akaandika kwa mkaa:
MTU MMOJA. KUINGIA NA KUTOKA.
Mimi nikapita bure.

Ndani, pumzi ilitutoka ikiwa na umbo.
Shangazi aliisindikiza yake kwa macho
hadi ilipopotea.
Magogo ya barafu yamepangwa kufikia dari,
kiini cheupe, kingo kama glasi,
taa moja ya manjano ikitetemeka na injini,
harufu ya chumvi, ya kutu, ya jodari wa juzi.
Hakuna buluu.
Nusura nimwombe radhi kwa ile buluu.

Akavua kiatu kimoja.
Akakanyaga sakafu kwa unyayo mtupu, akahesabu;
midomo ilifika kumi na saba.
Sikuuliza kwa nini kumi na saba.
Mimi nilikuwa darasa la tatu
tulipomsindikiza na kasha la halua.

"Ndoo uone."
Ndani ya gogo, kina cha kidole,
nzi.
Mabawa wazi, miguu imekunjwa vizuri,
kama aliyeketi kungoja aitwe jina.
"Hakuoza," alisema.
Akasogea, miwani mipya ikaingia ukungu.
"Wala hakuruka."

Mwaringa akaanza kujitetea: maji yetu safi, mama,
huyu ni bahati mbaya, gogo hili tutalitupa.
"Usitupe. Nivunjie."

Tulimfunga kwa unga wa mbao, kwa gunia, kwa leso.
Kufika Gongoni mapaja yake yalikuwa yamelowa;
abiria wa nyuma akauliza nani amepakata samaki.
Minjila akapanda askari kukagua.
"Mama, humo mna nini?"
"Nzi."
"Nini?"
"Nzi wangu. Nimemlipia."
Akamtolea tiketi.
Askari aliisoma upande wa maandishi,
akaigeuza, akasoma upande mtupu,
akamrudishia kwa mikono miwili.

Witu, barafu ilikuwa mai,
na mai yalikuwa doa la leso.
Alimwinua nzi kwa ncha ya ukucha
akamlaza kwenye ukingo wa dirisha, penye jua.
Mimi nikasinzia.
Barabara ina mashimo, dirisha lilikuwa wazi;
nilipoamka ukingo ulikuwa mkavu, hauna kitu.
Ameanguka?
"Umemwona akianguka?"
Sikumwona.
"Basi."

Akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja,
herufi kubwa kwa sababu ya matone,
tukaipita Hindi hajamaliza:
NIMEFIKA HUKO. PANA BARIDI. VAA SOKSI MBILI.