Kanuni ya Saba

Karatasi ilifika Jumatatu, imepigwa muhuri.
Nikaibandika kwa miiba minne ya mgunga
mlangoni pa stoo ya michezo, maana pini zilikwisha
tangu Machi, tulipofunga shule mbio mbio
na mpira ukabaki peke yake juu ya kabati.

Nawa kabla. Nawa baada. Usimkumbatie mwenzako.
Usiteme mate uwanjani. Hilo nililisoma mara mbili,
kwani vumbi la Kizota mwezi wa Julai
haliombi ruhusa kuingia kooni.
Barakoa mpaka mstarini; ukianza kukimbia,
ivue, uikunje, uitie mfukoni.
(Sketi za michezo hazina mifuko.)
Maji yako, chupa yako.

Halafu ya saba: kila mchezaji na gongo lake.

Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.
Magongo tunayo tisa. Moja lina ufa,
limefungwa ukanda wa mpira wa baiskeli.
Watoto ni ishirini na watatu.
Tulikuwa tukipokezana kama ndugu na koti moja,
jasho la Mbeleje likikaukia kiganjani mwa Ndahani,
wala hakuna aliyeona kuwa hilo ni jambo la kuandikiwa.

Lakini amri ni amri. Nikatuma salamu majumbani:
Jumamosi kila mtoto aje na gongo lake.
Saa moja asubuhi mama Nghambi yuko getini,
kanga kiunoni, sauti imeutangulia mwili:
"Mwalimu! Mtoto wa darasa la sita, aje na gongo?
Mimi nauza mahindi ya kuchoma, gongo sipiki!"
Ilibidi nichore mchangani, nipinde mgongo,
nipige mpira usiokuwepo,
mpaka akashika mbavu, akaketi juu ya ndoo tupu.

Wakaja nayo. Ee, walikuja nayo!
Mkole uliolazwa kwenye majivu ya moto ukapindwa,
mpini wa jembe uliopigiliwa kibao,
fimbo ya kuchungia, ambayo ng'ombe wa Hombolo
wangeitambua hata gizani,
bomba la plastiki lililoshindiliwa mchanga.
Mbeleje alileta mguu wa kiti.
"Baba bado hajajua," akasema.
Umbali tukaupima kwa hayo hayo:
gongo lako, gongo la mwenzako, ncha kwa ncha,
hapo katikati ndipo pa kupumulia.

Filimbi haikuandikwa kwenye karatasi.
Inaning'inia msumarini kwa kamba yake ya kijani,
imechakaa pale iliposuguana na shingo ya mwalimu Chilewa
miaka kumi na mmoja.
Mwezi wa Mei alikohoa wiki moja.
Walisema mapafu. Walisema pumu ya zamani.
Tulikwenda kuzika watu kumi tu, majembe mawili,
tukatawanyika bila kupeana mikono,
nami njia nzima sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Kila Ijumaa naiosha kwa sabuni ya kipande,
naikung'uta, nairudisha msumarini.
Mchezo naanzisha kwa kugonga rimu ya lori.

Siku ile ya kwanza Nghambi alifunga.
Mpira ulipita kati ya ndala mbili tulizoziita goli,
naye akageuka, mikono wazi, kama tulivyomzoea,
na Ndahani anakuja, mikono wazi,
kisha wakakumbuka.
Wakasimama vile vile, mikono hewani,
kama watu waliobeba kitanda kisichoonekana.
Nani alicheka kwanza, sijui.
Nikagonga rimu mara mbili, bila sababu yoyote.

Jioni maji ya kunawia, yenye povu na udongo mwekundu,
tuliumwagia mzabibu wa Chilewa nyuma ya stoo,
kwa kuwa kanuni haikusema yaende wapi.
Zabibu hatukuona mwaka ule.
Majani, lakini. Majani ulitoa.