Kishika Uchumba

Nerys ameposa nyumba.
Haijazaliwa bado: vigingi vinne na utepe
kwenye tope la Wrexham,
kiwanja namba arobaini na saba.

Muuzaji, mwenye viatu visivyojua tope,
alimtembeza kwenye nyumba ya maonyesho.
Kitanda kifupi kuliko mtu.
Tufaha la plastiki; alilinusa hata hivyo.

“Pauni mia tano tu, za kukushikia.”
Akashikiwa.
Zilikuwa za boila ya mama yake.

Kila Jumapili aliegesha gari kando ya uzio,
akanywa chai ya chupa,
akaigawa hewa vyumba: hapa jiko, pale dirisha,
hapa Gethin atalalamikia ngazi.

Mwezi wa tatu benki ikakohoa, ikasema hapana.

Barua ya kampuni ilikuja na adabu zote:
gharama za ofisi, gharama za kuandika
hiyo hiyo barua.
Salio lako, pauni thelathini na nane.

Mchumba hakumkataa. Hakuwa na mdomo.

Leo vigingi vina jina la mwingine.
Nerys amepita tena, hakuzima injini.
Juu ya dashibodi, tufaha la plastiki.
Hilo, na yeye hakulirudisha.