Vipimo

Mimi ni fundi wa makasha. Uchoraji siujui.
Naujua mvule, naujua msonobari unavyolia ukipigwa msumari,
nazijua sentimita: hazina mjomba, hazina shangazi.

Walikuja saba, Jinja, kwa majuma sita,
wakawekwa kwenye ghala la zamani la pamba
nyuma ya reli, upande wa Masese.
Ilze wa Riga alilala madirisha wazi siku ya kwanza;
siku ya pili akaninunulia mimi, eti mimi, dawa ya mbu,
aone kwanza kama nitakohoa.
Hatsue akapima vivuli vya nguzo kwa kamba,
akaviandika daftarini kama mwenye duka anayedai.
Baltazar alitaka lubugo, lubugo tu,
nguo ya magome, mita ishirini.
Akauziwa saba kwa bei ya ishirini
na akashukuru kwa mikono miwili.

Wetu alikuwa Nantume,
wa Walukuba, nyumba za mstari wa nne.
Anachora kwa kalamu ya biki juu ya mifuko ya saruji:
mistari, mistari, mpaka karatasi ilewe wino
igeuke ngozi.
Nikamuuliza, unachora nini?
Zamu ya usiku, akasema.
Sikuiona zamu. Kesho yake nikatazama tena,
nikaona taa ya geti la kiwanda
na miguu inayopishana.

Mkataba ulikuwa wa nipe nikupe:
wao kwetu, kisha mmoja wetu kwao.
Jina lake likatoka. Tukachinja kuku.
Akaenda Kampala alfajiri na picha za pasipoti;
akaenda tena na karatasi za benki;
akaenda mara ya tatu na cheti cha kifo cha baba yake
kuthibitisha kwamba aliyekufa amekufa.
Jibu lilikuwa mstari mmoja:
hatujaridhika kwamba utarudi.

Nirudi wapi? aliniuliza,
kana kwamba ni mimi niliyeandika.
Nilikuwa napiga randa.
Niliendelea kupiga randa.

Picha zake kumi na moja, hizo zilikubaliwa.
Mfuko wa saruji hauulizwi una watoto wangapi,
una shamba, una mume, una sababu.
Nikazipigia kasha, nikatandika sponji,
nikachora mshale: juu ni huku.

Jioni akaja, viatu mkononi.
"Fundi, nipime."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nikachukua futi. Urefu mia na sitini na mbili.
Mabega arobaini.
Baba yangu, pale Bombo, alipimia watu mbao za mwanandani,
lakini wale walilala kimya,
hakuna aliyesema: ongeza kidogo, goti lipate pa kukunjikia.

Likatoka kasha la pili. Bawaba za shaba. Ndani tupu.
Akaingia na biki zake, akajifungia na tochi,
usiku kucha nikisikia kama panya anayetafuna pole pole.
Asubuhi mbao zote zilikuwa nyeusi
isipokuwa pale alipoegemea:
kichwa, mgongo, visigino,
msonobari mweupe wenye umbo lake.

Entebbe, karani wa mizigo akaligonga kwa kiganja.
Mbona hamna kitu?
Ni sanaa, nikasema. Akapiga muhuri.
Thamani?
Nikaandika ya mbao na misumari, laki tatu na arobaini,
nikaona haya,
nikaongeza usiku mmoja.

Ilze ameandika: limefika.
Watu wanasimama mbele yake, mikono nyuma.
Mtoto mmoja aliingia akagoma kutoka.

Kesho wanakuja wengine saba.
Visa walizipata kwa simu, wakingoja kahawa ipoe.
Nantume ananishikia ubao, vumbi limemjaa kwenye nyusi.
Namba zake ziko bado ukutani, kwa penseli, juu ya kinoo;
sijazifuta.
Mtu akiniuliza ni vipimo vya nini
namwambia, mlango.