Nikaolewa Siku ya Arobaini

Khelef alikuja Wete na boti ya asubuhi,
kamera mbili, jenereta,
na mchezo uliokwisha kufa mara nyingi katika nchi za baridi.
Bi Raya, akasema, nataka uwe mama.
Mume kafa. Shemeji kakuoa. Mtoto hakubali.
Nikamuuliza: sawa, lakini kosa liko wapi?

Maana hapa Jadida, shemeji akimwoa mjane
watu husema Mungu kawastiri,
watoto hawakwenda mbali,
wanakula sinia lile lile.
Khelef akakuna kichwa. Akafungua karatasi zake, akazifunga.
Kule mchezo ulikotoka, akasema,
hilo peke yake lilitosha kuitia kutu nchi nzima.
Hapa halitoshi, baba.
Hapa mtoto huyo ataambiwa mkorofi.

Usiku nikampelekea ujumbe wa sauti:
weka harusi siku ya arobaini.
Wageni wa hitima hawajaondoka, turubai halijashushwa,
na mie nitoke ndani nimepaka hina.
Hapo hata paka wa sokoni atajua pana jambo.

Alicheka. Kisha akanyamaza kidogo.
Umejuaje?

Kwa kuhesabu.
Mie niliikaa ya kweli, mwaka ule wa mvua nyingi,
miezi minne na siku kumi,
bila wanja, bila udi, kioo kimegeuzwa ukutani.
Nikamjua muuza mkate kwa honi, jirani kwa kikohozi.
Siku ya sitini na tatu
Bakar, ndugu wa marehemu, alisimama nje ya dirisha
akauliza kama mchele umebaki.
Ulikuwa umebaki.
Siku ya sitini na nne akauliza tena.
Sikusema ndiyo. Wala sikusema umebaki.
Hilo halimo katika karatasi za Khelef.

Tulipiga picha wiki tatu, nyuma ya ghala la karafuu.
Mzuka wa baba haukufaa:
watoto wa chuoni waliiona shuka, wakacheka hadi wakakaa chini.
Basi mzuka ukawa sauti katika simu ya marehemu
iliyosahauliwa kabatini, chaji asilimia mbili.
Na sumu, ambayo kule humiminwa sikioni mwa mtu aliyelala,
tuliibishania siku nzima: ya panya? ya shamba?
Mwisho haikuwa na chupa.
Ilikuwa mwanamke mmoja barazani, anachambua mchicha,
anaanza: mie sisemi, lakini.

Mwanangu wa filamu, Asaa, fundi simu wa Chake,
hajawahi kuigiza hata skuli,
alinishika kifundo cha mkono jikoni, hina ingali mbichi.
Mama, akasema, hata nusu hujafika.
Khelef akapiga kelele, basi, tumepata!
Mimi sikupata cha kuachia.
Nililia mpaka jenereta likazimwa.

Tukaionyesha baada ya Isha, uwanja wa skuli,
shuka mbili zimeshonwa pamoja, mshono umepita
katikati ya uso wangu.
Bakar aliondoka kabla ya harusi.
Niliona taa ya vespa yake ikigeuka njia ya Limbani.
Mwisho walipoanguka mmoja juu ya mwenziwe,
mimi, shemeji, mwanangu, na kijana wa jirani,
Bi Time Faki akainuka kitini mstari wa mbele:
Maiti wanne saa moja! Nani atawaosha?
Uwanja mzima ukacheka, na mie nikacheka.
Akakaa, akajifunga kanga vizuri,
akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na shuka:
na huyo mama kafa na deni la siku.

Nyumbani sikuwasha taa.
Mia na thelathini, toa arobaini.
Nilihesabu kwa vidole, mara mbili,
na kucha bado nyekundu.