Ung'ongo

Ingegerd huendesha tramu, njia namba kumi na moja,
Göteborg, kwenye mvua ya kulala na kuamka nayo.
Vituo vyote kwake vina jina moja: choo.
Hapa kipo. Hapa kimefungwa. Hapa mwenye mgahawa
humpa ufunguo kabla ya salamu.

Madaktari saba walimwambia: huna kitu.
Kamera iliingia, ikazunguka, ikatoka na picha
za utumbo laini kama wa mtoto.
"Ni mawazo tu," wakasema. Akarudi nayo nyumbani,
mawazo yenye meno.

Haya niliyajua baadaye.
Usiku ule alikuwa namba arobaini na moja,
kinyama kidogo kuliko punje ya mtama.
Nilikikata, nikakitia rangi, nikakiweka chini ya lenzi.
Saa nne, Torkel keshakwenda zake, chai imepoa,
nikawaona.

Walinzi. Seli za kinga, zambarau, zimejaa vifuko,
zimebanana na ncha za neva
kama majirani wanaonong'onezana ukutani.
Nilihesabu. Nikarudia.
Si wengi mno. Wako karibu mno.

Faili lasema: kiangazi kimoja, chaza wabichi, homa siku tano.
Basi. Mdudu alishaondoka.
Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka,
na walinzi hawa tangu siku ile
huona ung'ongo ndani ya mkate,
ndani ya kitunguu, ndani ya maziwa ya asubuhi.
Hupiga mbiu, humwaga histamini,
neva huitika, tumbo hujikunja.

Dawa tunayoijaribu haimuui mlinzi.
Torkel husema inamziba mdomo. Mimi nasema
inamshika mkono: tulia, tazama vizuri, ni mkate.
Nusu ya wagonjwa humeza dawa, nusu humeza chokaa,
na nani ni nani, bahasha ndiyo ijuayo.

Bahasha haijafunguliwa.

Jana alikuja kutolewa damu. Nikasoma namba kwenye kichupa,
nikamwinulia macho kuliko ilivyonipasa.
"Ni wewe unayenitazama ndani?"
Ni mimi.
"Umeona kitu?"
Nilikuwa na jedwali, nilikuwa na asilimia.
Nikasema: "Kipo."

Akakaa, mkoba mapajani,
akalia kama mtu aliyerudishiwa kitambulisho chake.
Kisha akajifuta, akatazama saa,
akauliza choo kiko wapi.