Karatasi Tupu, Jumatatu

Mtoto wa kaka yangu alinitumia kurasa tisa kutoka Concepción,
kazikunja ndani ya soksi za sufi,
maana anajua barua zake hukaa mezani wiki nzima
na soksi huvaliwa siku ileile.
*Utafiti*, kaandika pembeni kwa penseli. *Soma, shangazi.*

Miaka ishirini na miwili nimefundisha hapa Porvenir,
ng'ambo ya mlangobahari, ambako upepo
uliifundisha miti kuinama
na haukurudi kuisahihisha.
Nimefundisha kwa kalamu ya njano:
someni, pigieni mstari, someni tena.
Madaftari yaling'aa.
Vichwa, sijui.

Kurasa tisa zikaniambia, bila hata hodi:
kusoma tena ni kumwona jirani akipita dirishani,
sura unaijua, jina hulijui.
Funga kitabu. Uliza.
Ngoja wakaribie kusahau, uliza tena.

Kuuliza si ujinga, twasema.
Kuhusu kuulizwa, tumenyamaza.

Jumatatu nikagawa karatasi tupu.
Mzunguko wa maji, nikasema, ule mlioukariri Ijumaa.
Jiko la kuni likapiga chafya.
Yanira Covacich aliandika BAHARI,
akaikoleza wino mpaka karatasi ikatoboka.
Belarmino aliandika jina lake,
akaandika tarehe, akaandika jina la shule,
kisha machozi yakaanza kumtoka polepole,
kama bomba ambalo halikufungwa vizuri.

Hilo halimo katika kurasa tisa.
Waliojaribiwa kule ni vijana wa chuo kikuu,
thelathini na sita, chumba chenye joto,
wakapewa biskuti kwa usumbufu.
Hakuna aliyeamka saa kumi alfajiri
kumsaidia babake kupakia mitego ya kaa.
Nimezipekua jedwali zote:
hakuna safu ya machozi.

Nilitaka kuzitia kurasa zile jikoni.
Nikaitia karatasi ya Belarmino,
mwenyewe akitazama.
Kisha ya Yanira. Kisha zote, yangu pia.
Hakuna alama, nikasema. Mkishaandika, tunaota moto.
Wakacheka, na mimi nikakumbuka
kwamba sijawahi kusikia kicheko katika mtihani.

Basi Jumatano tena. Jumatatu tena.
Mvuke, kisha sehemu na asilimia, kisha mvuke,
pale wanapodhani tumeshamalizana nao.
Mwalimu mkuu, Bwana Oyarzún, akachungulia mlangoni:
Mbona ukutani kwako hakuna kazi za watoto?
Ziko jikoni, nikamjibu.
Aliondoka akijikuna shingo.

Sisemi ni muujiza. Nahuel bado anaamini
mvua yote hutoka Argentina,
na siku upepo ukivuma kutoka mashariki
sina la kumjibu.
Msimu wa kaa viti saba vilikaa vitupu,
na kati ya swali na swali likaingia pengo
ambalo mtafiti yeyote angelikataa.
Nikawauliza hivyohivyo waliporudi,
vidole vimechanika, vinanuka chumvi.

Mwezi Juni, jua likizama kabla hatujafunga shule,
Belarmino alijaza nusu ukurasa.
*Maji hayaendi popote,* aliandika. *Yanabadili nguo tu.*
Nikafungua mlango wa jiko.
Akatikisa kichwa,
akaikunja karatasi mara nne, akaisokomeza ndani ya buti.

Usiku huo nilijiwekea karatasi tupu.
Darasa langu la kwanza, watoto kumi na tisa.
Nikapata kumi na moja, mmoja wao bila ubini.
Wa kumi na mbili ana kovu kidevuni,
anakaa karibu na dirisha, hula ncha za penseli,
namsikia hata anavyokohoa,
na jina haliji.

Rejista ya mwaka ule imo kabatini, hatua tatu kutoka hapa.
Sikuifungua.
Nitajaribu tena Alhamisi.